Chapa na Utambulisho Wake

Miongoni mwa istilahi zilizoenea katika lugha ya biashara tangu maduka yaanze kufunguliwa katika intaneti, ni chache zitajwazo sana na kufahamika kidogo kama chapa. Kwani wengi waisikiapo hudhani kuwa ni ile picha ndogo yenye rangi iwekwayo juu ya jina la duka, ilhali picha hiyo huitwa nembo, nayo ni sehemu tu ya jambo lililo kubwa zaidi.

Neno chapa asili yake ni Bara Hindi, na kwetu lilishika maana ya alama iliyogandamizwa juu ya kitu, ndipo tukasema kitabu kimepigwa chapa, na wafugaji wakasema vivyo hivyo juu ya ng'ombe aliyetiwa alama kwa chuma cha moto. Watu wa pwani walikuwa pia na neno rajamu, alama ya mfanyabiashara juu ya bidhaa yake, neno zuri ambalo nasikitika kuliona likisahauliwa; na sheria za leo husema alama ya biashara. Hizo zote ni alama za kuonwa kwa macho. Chapa katika maana yake ya sasa yapita hapo: ni jumla ya yale ayatarajiayo mushtari mara alisikiapo jina la muuzaji, na utambulisho wa chapa ni zile dalili, yaani jina, nembo, rangi, namna ya kusema na ya kutenda, ambazo muuzaji huzichagua kwa makusudi ili matarajio hayo yasihitilafiane.

Maana hii si ngeni kwetu. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, aliziuza khanga zake zikiwa na maneno "Mali ya Abdulla" pindoni, na hadi leo wako wanawake ambao, kabla ya kulisoma jina la khanga, hutazama kwanza pindo, kwa kuwa maandishi yale madogo yamekuwa dhamana ya kitambaa na ya rangi.

Lakini mnunuzi wa khanga dukani aweza kuipapasa nguo na kumtazama muuzaji usoni, na anunuaye mtandaoni hana hata moja kati ya hayo. Hutoa fedha yake kwa mtu aliye ghaibu, kwa ajili ya kitu asichokigusa. Kwa sababu hiyo itibari yote, ambayo zamani iligawanyika baina ya uso, ulimi na bidhaa yenyewe, sasa yaiangukia chapa peke yake.

Kwa mfano, Jeff Bezos alipoianzisha kampuni yake huko Marekani mwaka 1994 aliipa jina Cadabra, akaliacha baada ya wakili wake kulisikia kama neno la Kiingereza lenye maana ya maiti. Duka lake la vitabu likafunguliwa mwaka 1995 kwa jina la mto Amazon, na mwaka 2000 likapata nembo yenye mshale utokao herufi ya kwanza hadi ya mwisho ya alfabeti, uliopindwa mithili ya tabasamu. Uangalifu huo wastahili kuigwa. Walakini naamini kwa dhati kwamba jina lile lingekuwa bure lau vitabu visingewafikia walioviagiza, kwani utambulisho huahidi tu, na utekelezaji ndio uupao thamani.

Basi ewe ufunguaye duka mtandaoni, chagua jina jepesi kutamkwa, ulitumie hilo hilo kila mahali uuzapo. Ukiwa Tanzania Bara lisajili BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara na leseni, na ukiuza Zanzibar fahamu kuwa huko usajili ni mwingine. Mjibu kwa adabu ile ile anunuaye na anayelalamika. Wala usimwahidi mtu kuwa mzigo utafika Jumatano, nawe wajua kuwa utafika Ijumaa.