Kukarabati, Kuunda Upya, Kusuka: Injini za Liemba na Istilahi za Fundi

Neno "matengenezo" limebebeshwa mzigo unaolizidi nguvu. Katika nyaraka za ofisi hutumika kwa kubadilisha mafuta ya injini, kwa kuziba pancha, na papo hapo kwa kazi ya kuifungua injini nzima mpaka silinda zikabaki tupu. Mfasiri alikutapo katika mkataba hajui ni kazi ipi iliyokusudiwa, na ofisa anayetia sahihi hajui anaidhinisha nini. Twakusudia kulitazama jambo hili kwa njia ya historia, na historia hiyo tutaitoa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Bangwe, kati ya bandari ya Kigoma na mji wa Ujiji. Huko swali la ama kuifufua injini kuukuu ama kuiacha ife liliwahi kuulizwa kwa uzito mkubwa, na likajibiwa zaidi ya mara moja kuhusu chombo kimoja.

Chombo hicho ni meli iliyoitwa kwanza Graf von Goetzen. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani. Kisha ikafumuliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Waundaji watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walifuatana na makasha hayo ili kuiunganisha tena. Meli yenye urefu wa mita 71 hivi ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Mwaka uliofuata Wajerumani walilazimika kuihama Kigoma. Hawakutaka meli yao iwaangukie adui, wakaamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, tarehe 26 Julai 1916, karibu na Kigoma, waundaji waliipaka mitambo yake grisi nzito. Msomaji atafakari tendo hilo. Mtu aliyekata tamaa na mashine haipaki grisi. Hao walikuwa wamekwisha kuamua kwamba injini zile siku moja zitafunguliwa na kuundwa upya, ijapokuwa hawakujua ni nani atakayezifungua. Na walijua kazi yao: kutu huhitaji maji na hewa pamoja, na grisi huzuia vyote viwili. Iliwasaidia pia kwamba maji ya Tanganyika ni matamu. Katika bahari ya chumvi hadithi hii pengine ingekuwa fupi.

Wabelgiji waliiibua meli, lakini mwaka 1920 ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiibua tarehe 16 Machi 1924, wakaona kwamba injini na bwela zake bado zafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alikuwa ameliandika kwa ajili ya sehemu ya kusini ya ziwa hilo. Yafaa kuangalia mpangilio wa mambo. Kwanza chombo kilitolewa majini, kisha kikakaguliwa, kazi ya kukiunda upya ikafuata, nayo ikachukua muda mrefu. Jibu la swali "yafaa au haifai?" halikupatikana ufukweni, lilipatikana ndani ya chumba cha mitambo.

Katika miaka ya 1970 swali lile lile liliulizwa tena, na safari hii jibu likawa jingine: mashine za mvuke ziliondolewa, zikawekwa injini za dizeli. Hatuoni kwamba jibu la pili lilikanusha la kwanza. Mashine ya mvuke hudai bwela, maji, na moto wa saa nyingi kabla ya safari; na kufikia wakati huo vipuri vyake na mafundi wake walikuwa wakiadimika duniani kote. Kitu kiwezacho kuundwa upya si lazima kiundwe upya.

Sasa tuyatazame maneno. Kitenzi "kuunda" katika Kiswahili cha pwani ni neno la chombo: aliyeunda aliunda jahazi au mashua. Maana pana ya leo, kuunda kamati au kuunda tume, ilikuja baadaye. Kwa hiyo tusemapo Liemba "iliundwa upya" hatubuni msemo. Twalirudisha neno nyumbani kwake. "Kalafati" nalo lilikuwa neno la kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, kazi ya kila msimu isiyogusa umbo la chombo. Wazee wa pwani, basi, walikwisha kutofautisha kati ya kukitunza chombo na kukianza upya. Sisi wa ofisini ndio tuliozichanganya kazi mbili hizo katika neno moja.

Tofauti hiyo ina gharama yake kwa mwenye gari. Chukua gari linalotoa moshi wa buluu na kupungukiwa nguvu. Moshi wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe usiokoma, wenye harufu ya maji ya rejeta, ni maji yaliyopenya ndani. Mwenye gari apime mgandamizo wa kila silinda, kisha katika ile iliyo dhaifu atie kijiko cha mafuta mazito na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, kosa liko kwenye vali au gasketi. Kufikia hapo kazi yote yawezekana uani, chini ya mwembe, kwa kipimo cha bei nafuu. Hata kufungua kifuniko cha silinda yawezekana, kwa mtu mwenye subira na kitambaa safi. Lakini silinda ikiwa imelika upande mmoja na kuwa yai, ringi mpya hazitaziba. Inahitaji kuchongwa kwa mashine, kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Hapo mikono ya mwenyewe hufika mwisho wake, na karakana huanza.

Kiswahili kina njia ya kuusema mpaka huo ambayo wafasiri wengi huipuuza. "Kutengenezewa" ni kufanyiwa na mwingine. "Kutengenezesha" ni kumpa fundi kazi na kuisimamia. "Kujitengenezea" ni kuifanya kwa ajili ya nafsi yako, kwa jasho lako. Viambishi vimebeba uamuzi mzima, bila haja ya kuongeza "mwenyewe binafsi kwa mikono yake", maneno tuliyoyakuta katika mwongozo mmoja uliotafsiriwa na ambayo yanamchosha msomaji bure.

Kuhusu majina ya vifaa hatuna ugomvi mkubwa. "Parafujo" na "bomba" tulipata kwa Wareno, "karakana" ina asili ya Kiajemi, na "spana", "nati", "pistoni", "gereji" na "injini" yenyewe ni za Kiingereza. Wajerumani, waliozipaka grisi zile injini, walituachia "shule" na "hela". Katika gereji hawakuacha alama ya maana.

Neno lenye mjadala ni "kusuka". Mafundi wa umeme husema "kusuka mota", kwa kuwa nyaya za shaba husukwa kweli. Kutoka hapo baadhi ya magereji husema "injini imesukwa upya" ikiwa imefumuliwa yote na kurudishwa. Wapo wenzetu wanaoliona neno hili la mitaani mno. Sisi hatukubaliani nao: kifumuliwacho husukwa, na picha hiyo ni sahihi kuliko "ovahoo", ambalo halimwambii kitu asiyejua Kiingereza. Hata hivyo, kwa mkataba na kwa kitabu cha shule twaona "kuunda upya" ni imara zaidi, kwa sababu yafaa kwa meli, gari na pampu ya maji bila kubadilika.

Basi twapendekeza "matengenezo" yabaki kwa utunzaji wa kawaida: mafuta, vichujio, plagi, mikanda. "Kurekebisha" iwe kuweka sawa kilichopo, kama vile nafasi za vali. "Kukarabati" iwe kubadilisha sehemu zilizochakaa pasipo kuifumua injini yote. "Kuunda upya" iwe kuifumua hadi kiunzi, kuipima, kuichonga inapobidi, na kuiunganisha tena. Na katika fomu za magari ya serikali, mahali palipoandikwa "matengenezo makubwa", tungependa pawe na sehemu mbili: moja ya matokeo ya ukaguzi, na ya pili, isiyojazwa kabla ya ile ya kwanza, ya kazi iliyoamuliwa.