Siti binti Saad na Wenziwe

Sisi wa Usevya, tukaao katika bonde la Rukwa mbali na bahari, tumezoea kudhani ya kuwa taarabu ni mambo ya watu wa pwani peke yao. Lakini mwanamke aliyeifikisha taarabu ya Kiswahili katika santuri alikuwa binti wa Mnyamwezi. Saad, baba yake, asili yake ni Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, maana alizaliwa utumwani. Mama yake alifinyanga vyungu, naye binti akavitembeza akivinadi. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baada ya kuhamia mjini mwaka 1911.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Siti na wenziwe Bombay, Bara Hindi, ili sauti zao zitiwe katika santuri. Twasema wenziwe kwa kusudi. Watu humtaja Siti pekee, na hiyo si haki. Subeit bin Ambar alikuwa mpiga udi. Maalim Shaaban, Mbaruk Effandi na Buda bin Swedi walikuwa mafundi wa kuimba na kupiga, tena wako waliotolewa santuri kwa majina yao wenyewe. Jioni walikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, wakazungumza habari za mji, na mazungumzo yakageuka nyimbo. Siti hakupata kusoma shuleni. Beti zote alizishika kwa moyo, na wenziwe walikuwa daftari yake.

Ikulu ya Sultani taarabu iliimbwa kwa Kiarabu. Hawa waliimba kwa lugha ya wachukuzi na wapishi. Katika nyimbo zao tunaupenda zaidi ule wa Kijiti. Wasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akakimbilia bara, na mashahidi ndio waliotiwa hatiani. Ni jambo zito kuimbwa hadharani katika nchi iliyotawaliwa na wageni, na waimbaji hawakuogopa kuitaja mahakama.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Karamuni beti hurudiwa hata usiku wa manane, bali santuri za siku zile zilichukua dakika 3 hivi kila upande. Ilipasa udi na fidla viingie upesi, beti zichaguliwe, na pasiwepo wa kumpita mwenziwe. Hapo ndipo tunapowasifu wapigaji kuliko popote.

Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu, pwani na bara, na katika miaka iliyofuata zikatengenezwa nyingine. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na maisha yake yakaandikwa na Shaaban Robert. Baadhi ya nyimbo zimenakiliwa upya katika siku zetu; ndani ya mikwaruzo ya santuri kuukuu ile sauti nyembamba bado yasikika, na udi ukiijibu.