Nakshi ni ya Nani? Koru ya Wamaori na Kikwembe cha Beni

Koru ni jani changa la kangaga ambalo bado limejikunja. Kwa Wamaori wa Nyuzilandi ni alama ya uhai mpya, na mikunjo yake huchorwa kwenye boriti za nyumba ya mikutano, ambako ukoo huwakumbuka mababu zake. Siku hizi imefika hata kwenye skafu za hariri za bei kali, na mvaaji wa London aweza kuona duara zuri tu.

Mulekera, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, fahari ya mwanamke haiko kwenye hariri. Iko kwenye kikwembe, hasa kile cha Kiholanzi kitokacho Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846 na kujijenga kwa kuiga batiki ya Java. Hapa mambo yanageuka. Wamaori walikuwa na maana kwanza, soko likaja baadaye. Kikwembe kilitoka Ulaya kikiwa bubu, wauzaji wanawake wa Afrika wakakipa ulimi. Mchoro wa plagi sita za gari wakauita Six Bougies: mvaaji anajigamba kwa gari la silinda sita, ingawa wenye midomo huhesabu wanaume sita. Mwingine ni Mon mari est capable, yaani mume wangu ana uwezo. Mke akipita nacho sokoni, mume amesifiwa. Au amekumbushwa deni, sijui.

Ndiyo maana siwezi kuhamishia Beni malalamiko ya Wamaori jinsi yalivyo. Wao wanauliza nani mlinzi wa nakshi. Mwaka 1991 waliwasilisha dai la Wai 262, kuhusu ulinzi wa maarifa na utamaduni wao, mbele ya Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, na ripoti ikatoka 2011. Sheria ya alama za biashara ya 2002 iliwapa kamati ya ushauri, lakini kamati hiyo huangalia alama zinazoombewa usajili. Mchoro uliochapwa tu kwenye skafu unapita pembeni.

Kwetu swali ni la malipo: aliyekipa kitambaa jina amepata nini? Nana Benz, wanawake wauzaji vitambaa wa Lomé, Togo, walijibu kwa vitendo. Walishikilia haki ya kuuza michoro fulani peke yao, wakanunua Mercedes zilizowapa jina. Muuzaji wa Beni hana haki hiyo. Michoro ileile huigwa viwandani China, nakala ikauzwa kwa bei ndogo na kuitwa jina lilelile. Mholanzi ana nembo yake pindoni mwa kitambaa, mwigaji ana bei yake. Mama aliye mezani anabaki na faida ya kipande alichouza leo.