Hita ya maji ya papo kwa papo: chagua ukubwa unaofaa nyumba yako

Hita hii haina tangi. Maji yanapashwa moto yakiwa yanapita, kwa hiyo ukubwa wake hupimwa kwa kilowati. Ikiwa ndogo mno, utaoga maji vuguvugu. Ikiwa kubwa kuliko waya zako, waya zitaungua.

Pima hivi kabla ya kwenda dukani. Kwanza, kinga ndoo ya lita 10 bafuni. Ikijaa kwa dakika 2, una lita 5 kwa dakika. Pili, angalia joto la maji. Mwambaoni, Kigoma na Ujiji, maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa karibu nyuzi 25. Ya kuoga yanatosha yakiwa nyuzi 40, yaani unaongeza 15.

Sasa zidisha lita kwa nyuzi, kisha gawanya kwa 14. Mara 5 kwa 15 ni 75. Ukigawanya unapata kilowati 5.4. Milimani, kama Kasulu au Buhigwe, maji yakiwa nyuzi 20, utahitaji kilowati 7. Ukipunguza maji hadi lita 3 kwa dakika, mwambaoni kilowati 3.2 zinatosha.

Umeme wa nyumbani ni volti 230, hivyo kilowati 5.4 huvuta ampea zaidi ya 23. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13 tu. Usichomeke hita hii kwenye soketi. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye swichi kubwa, waya mnene, swichi ya kukata umeme ukivuja, na waya wa ardhi unaofanya kazi. Maji na umeme vikikutana bila kinga hizo, mtu hufa. Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA. Sola ndogo ya nyumbani haiwezi kuiendesha.

Fikiria pia LUKU. Kuoga dakika 8 kwa kilowati 5.4 ni takriban uniti 0.7. Watu watano wakioga kila siku, mwezi unafika uniti 105 hivi. Mteja wa TANESCO aliye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, atakivuka kwa kuoga tu.

Ndoo moja ya lita 20 yenye joto hilohilo hutumia nusu ya umeme huo. Kwa hiyo kabla ya kununua hita kubwa, jaribu kwanza shawa inayotoa maji kidogo.