Injini ya 1976 inayopanda vilima vya Karagwe

Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria, kahawa na mikungu ya ndizi kati ya kata ya Igurwa na miji ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, hununuliwa zikiwa mpya dukani. Hata hivyo, ubunifu wa injini zake una umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Ukoo wake unarudi kwa Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976.

Pikipiki nyingi ndogo za Honda za kabla yake zilikuwa na kemshafti juu ya silinda, mahali panapodai oili safi wakati wote. Katika nchi ambako pikipiki hupakiwa kupita kiasi na oili hubadilishwa pesa ikipatikana, sehemu hiyo ililiwa mapema. Wahandisi wa Honda wakaishusha kemshafti chini, karibu na oili, wakaweka fito mbili za kusukuma valvu kutoka huko. Cheni wakaifunika isipate vumbi na tope. Ikapatikana mashine ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua na kuirudisha kwa spana chache.

Wakati huo Karagwe pikipiki ilikuwa chombo cha wachache: bwana shamba, mganga, padri au mchungaji. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliuumiza mkoa, na miaka iliyofuata taifa zima lilikosa fedha za kigeni. Spea zilikuwa adimu, mzigo wa mkulima ukaendelea kwenda kwa kichwa na kwa baiskeli. Biashara ya kuagiza bidhaa ilianza kulegezwa mwaka 1984, lakini bei ya pikipiki ya Kijapani ilibaki mbali na mfuko wa mkulima wa kahawa.

Mlango ulifunguliwa na viwanda vya China vilivyoiga injini ile ya CG na kuiuza kwa bei nafuu. Majina kama SanLG na Fekon yakaenea Tanzania. Boxer ya Bajaj, yenye ukoo wa Kawasaki, ikaja kutoka India. Kazi ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia miaka ya 1960, ikapata chombo kipya. Mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Vijana wakaingia mkataba: unapeleka hesabu kwa bosi mpaka muda uishe, kisha chombo kinakuwa chako.

Hapo ndipo mafundi wetu walipoanza kuandika sura yao katika historia ya pikipiki. Miaka ya 1950 na 1960, vijana wa London waliokutana kwenye mgahawa wa Ace Cafe walizipunguza uzito pikipiki zao, wakashusha usukani na kutafuta mwendo. Baadhi walitia injini ya Triumph katika fremu ya Norton, na muundo huo leo unaheshimiwa duniani kote. Karagwe imefuata njia nyingine, kwa sababu vilima, tope na mkungu wa ndizi vina masharti yake. Fundi huondoa keria ya kiwandani na kuchomelea ya nondo, ndefu na pana. Hufunga ngao mbele kulinda miguu na injini, huimarisha stendi isizame chini ya gunia, na hushona upya kiti kimfae abiria wa safari ndefu. Kila chuma anachoongeza kinajibu swali la barabara.

Ufundi huo umeota katika ardhi yenye historia ya chuma. Ikulu ya wafalme wa Karagwe, Bweranyange, ilikuwa na hazina ya ng'ombe wadogo wa chuma, na msafiri Henry Stanley aliieleza hazina hiyo baada ya kumtembelea mfalme Rumanyika mwaka 1876. Nchi iliyoenzi kazi ya mhunzi kiasi hicho haina sababu ya kumwona mchomeleaji wa leo kuwa mtu wa kubahatisha.

Heshima hiyo ina wajibu wake. Keria ndefu huhamishia uzito nyuma, gurudumu la mbele likakosa mshiko mlimani, na breki za kiwandani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, inaua. Fundi mzuri anapaswa kumwambia mteja wake kikomo cha mzigo kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.

Pikipiki za umeme tayari zinaingia Afrika Mashariki, na siku moja zitafika Igurwa. Kabla ya hapo, halmashauri za Karagwe na jirani yake Kyerwa, vyuo vya ufundi vya VETA na makanisa yaliyokuwa na pikipiki za kwanza yana kazi ya kufanya: kutafuta mashine kuukuu zilizosalia stoo, kuzifufua chache ziwe za kufundishia, na kuandika majina ya mafundi na michoro ya kazi zao. Visiwani Zanzibar Vespa za zamani bado zinatembea Mji Mkongwe kwa sababu watu waliona zinastahili kutunzwa. Injini iliyowafikisha wagonjwa hospitalini na kahawa ghalani inastahili uamuzi kama huo, nao ufanywe wakati mafundi wa kwanza wangali hai kueleza walichokifanya.