Kigumba cha Kukunjuka

Kichwa cha mshale kina majina mawili ya zamani katika Kiswahili: chembe na kigumba. Ufito wake ni wano, mfuko wa kubebea mishale ni podo au ziaka, na uzi wa upinde ni upote. Huu ni msamiati wa watu waliokishika kifaa mikononi mwao. Kinachokosekana ni jina la kifaa kipya ambacho vijana wetu walioko Marekani wameanza kukiulizia: kichwa cha mshale ambacho nyembe zake hulala mshale ukiwa hewani, kisha hufunguka mshale unapomgonga mnyama.

Swali hilo lilinifikia hapa Kapsoit, Kericho, kutoka kwa mpwa wangu anayeishi Minnesota. Amejifunza kuwinda kwa upinde, kwa leseni na kwa msimu uliotangazwa. Alitaka kuwaeleza wenzake wa kazini, Mtanzania na Mkongomani wanaosikilizana naye kwa Kiswahili, tofauti ya aina mbili za vichwa vinavyouzwa dukani, akakwama.

"Mjomba, niwaambie ni mshale wa mashine?"

Nilimkataza. Mashine kwetu ni kitu chenye kazi yake, kinachozunguka au kusukuma: mashine ya kusaga, mashine ya kuchuna majani chai. Kichwa hiki hakina nguvu yoyote ya kwake. Kinachokifungua ni ngozi na mbavu za mnyama, kwa mwendo ambao mshale umekuja nao. Ukisema "cha makanika" ndiyo umeharibu kabisa, kwa kuwa kuanzia Kericho hadi Mombasa makanika ni fundi wa magari. Kiingereza kilikipa jina la "mechanical" kwa kutazama ndani yake, jinsi vipande vinavyosogea. Mwindaji anahitaji jina linalomwambia kitakachotokea.

Kabla ya hapo lazima tuchague kati ya chembe na kigumba. Chembe ni neno zuri, lakini limelemewa. Mwanafunzi wa sekondari akilisikia hufikiria chembe hai za biolojia, na mama akisema hana hata chembe ya unga hakuna anayewaza upinde. Halafu kuna suala la uzani. Vichwa vya mishale vya Marekani hupimwa kwa kipimo cha kale kilichotokana na punje ya nafaka, na vingi vinavyouzwa ni vya punje 100 au 125. Punje 100 ni kama gramu 6.5. Mfasiri akiita kichwa chembe, na kipimo nacho akakiita chembe, ataandika "chembe cha chembe 100", na msomaji atadhani ni kosa la uchapaji. Kigumba hakina mgongano huo. Ni chuma cha mbele ya mshale, basi.

Sasa kitenzi. Tunasema kisu cha kukunja na kiti cha kukunja, kwa hiyo wengi wangekimbilia "kigumba cha kukunja". Lakini kukunja kunaeleza hali ya kifaa kikiwa mfukoni. Kiswahili kimetupa kitenzi kinachofuata hatua inayotuhusu: kunja, kunjua, kunjuka. Kinachokunjuka kilikuwa kimekunjwa, kisha kikafunguka kwa sababu fulani, bila mkono wa mtu kukigusa wakati huo. Hicho ndicho kigumba hiki. Nikampa mpwa wangu "kigumba cha kukunjuka", na kile cha zamani chenye nyembe zilizokazwa akiite "kigumba kisichokunjika". Jina la pili ni refu, nakiri, lakini halidanganyi. "Kigumba cha kudumu" kingemfanya mtu adhani kinakaa miaka mingi, ilhali nyembe zake nazo huisha makali na kubadilishwa.

Jina likishakaa sawa, uchaguzi wenyewe huwa rahisi kueleza. Kigumba kisichokunjika hukata upana wa inchi moja na kidogo, yaani sentimita 2.5 hadi 3 hivi. Hakina kipande cha kukwama wala cha kuchelewa: kilivyotoka upindeni ndivyo kinavyoingia. Udhaifu wake uko hewani. Nyembe zilizo wazi mbele hushika upepo na kushindana na manyoya ya nyuma, na kama upinde haukurekebishwa vizuri, mshale huacha njia uliyozoea mazoezini.

Tatizo hilo lilikua pamoja na upinde wenyewe. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza mwaka 1969 ya upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, ambao mimi nauita upinde wa kapi, kwa neno lile lile la mabaharia wa pwani. Kapi humpunguzia mpiga upinde uzito anapofika mwisho wa kuvuta, na mshale hutoka kwa kasi kubwa kuliko ule wa upinde wa mti. Kasi ikiongezeka, kosa dogo la upepo huwa kosa kubwa. Kigumba cha kukunjuka ni jibu la hapo: nyembe zikilala kando ya shina, mshale huruka karibu sawa na ule wa kulengea shabaha.

Kikigonga, nyembe husukumwa nyuma, pete ya mpira au kola ya plastiki iliyozishika huachia au hukatika, nazo husimama kwa upana wa inchi 1.5, na katika vigumba vingine hata zaidi ya inchi 2. Jeraha ni pana na damu hudondoka kwa wingi, hivyo mnyama hufuatika. Lakini nguvu ya kufungua nyembe na kukata upana huo wote hutoka kwenye mshale wenyewe, kwa hiyo hauingii ndani kama ungeingia ukiwa na kigumba chembamba. Mwenye upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 65 ana nguvu ya kutosha kulipia hilo. Mwenye upinde wa ratili 40 hana, na anaweza kumwacha mnyama na jeraha pana lisilofika mapafuni. Mnyama wa namna hiyo hukimbia, akafia mbali baada ya siku kadhaa, na hakuna anayempata.

Tazama pia pembe ya shabaha. Mnyama akisimama ubavu wazi, vigumba vyote viwili hufanya kazi. Akisimama mshazari, wembe mmoja wa kigumba cha kukunjuka hugusa kabla ya mwenzake na huweza kuupindisha mshale kwenye ubavu. Kwa kijana anayeanza, mwenye upinde wa ratili 45, mimi ningechagua kisichokunjika bila kusita, na muda wa kuzurura dukani ningeutumia kurekebisha upinde.

Jina la mnyama mwenyewe nalo limetusumbua. Wamarekani wanawinda mnyama ambaye huku kwetu hayupo: Afrika jamii yake ina makao ya asili kaskazini tu, kwenye misitu ya Aljeria na Tunisia. Pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka, tofauti na za mbawala wetu wa mitoni kwenye mashamba ya chai, ambazo hudumu maisha yake yote. Watu humwita paa au kulungu, majina ambayo tayari yana wenyewe. Wasomaji wa Zaburi wanamjua kama ayala, na neno hilo linatosha. Mpwa wangu anawinda ayala wa mkia mweupe.

Linalonivutia zaidi ni kwamba vigumba vya Afrika Mashariki vilitengenezwa kwa hoja iliyo kinyume kabisa na ile ya upana wa jeraha. Wawata wa Tsavo, ambao vitabu vingi huwaita Waliangulu, walivuta pinde za zaidi ya ratili 100 kuwinda ndovu, na chuma cha mshale wao hakikuhitaji upana. Kilihitaji kufika kwenye damu na kubaki humo, kwa sababu kinachoua ni sumu ya msunguti, inayosimamisha moyo. Sumu iliyopakwa shingoni mwa kigumba ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke na isimdhuru mbebaji. Vijino vya nyuma vilikizuia kigumba kisitoke mnyama anapokimbia vichakani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hadi leo hufua misumari kuwa vigumba vya sumu, na ndege huwapiga kwa mishale ya mbao tupu. Na wazee wetu Wakipsigis walikuwa na mshale mwingine tena, ambao kazi yake ilikuwa kutoua kabisa. Shingo ya ng'ombe hufungwa ukanda mpaka mshipa uvimbe, kisha mshipa hupigwa kwa karibu na mshale wenye kizuizi nyuma tu ya ncha, usipenye zaidi ya unavyotakiwa. Damu hukingwa na kuchanganywa na maziwa, na ng'ombe hurudi malishoni. Kwa Kikipsigis mshale ni kotet na upinde ni kwanget.

Hoja hizi mbili zilikutana katika ardhi yetu mwaka 1925, wakati daktari wa upasuaji wa California, Saxton Pope, alipofika Tanganyika na Arthur Young pamoja na Stewart Edward White kuwinda simba kwa upinde. Vigumba vyao vilikuwa vipana, vya chuma, bila sumu: kukata na kumwaga damu ndiyo ilikuwa njia yao, na bunduki ilikaa karibu. Uwindaji wa upinde wa Marekani wa leo umerithi njia hiyo, na sheria zimeiandika. Minnesota inataka upinde usiopungua ratili 30 na kigumba kisicho na vijino, chenye upana wa angalau inchi 7/8. Cha kukunjuka kinakubaliwa humo kikifunguka kwa upana unaotakiwa. Oregon kwa miaka mingi haikukikubali kwa wanyama wakubwa.

Kwetu Kenya mjadala huo wa dukani haupo, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imekataza wa burudani na wa kitoweo pia. Hata hivyo mshale haujatoweka. Barabara inayotoka Kapsoit inateremka hadi Sondu, kwenye mpaka wa Kericho na Kisumu, na watu wa pande zote mbili wanakumbuka mapigano ya Mei 2023, kama wazee wanavyokumbuka yale ya 1992 na 2008. Kigumba kilichofuliwa kwa msumari, chenye vijino vilivyobuniwa kwa ajili ya mnyama, kimetolewa kwenye paja na kifua cha binadamu. Kwa sababu hiyo naliona suala la istilahi hii kuwa zito. Anayempokea majeruhi zahanatini anapaswa kuandika kwenye rufaa kigumba ni cha aina gani, kina vijino au hakina, na walio karibu wanapaswa kujua kwamba mshale uliokwama hauvutwi. Huachwa ulivyo, huzungushiwa vitambaa usitikisike, na mgonjwa hupelekwa hospitali yenye eksrei na daktari wa upasuaji. Vijino hukwama kwenye nyama na mishipa, na mkono wenye haraka huongeza jeraha ambalo mshale wenyewe haukulifanya.

Hapo ndipo kitenzi chetu kinapodai neno moja zaidi. Baadhi ya vigumba vya kukunjuka, vikivutwa nyuma, nyembe zake huinamia mbele na kutoka. Vingine nyembe hubaki zimesimama na kushika nyama, vikafanya kazi ile ile ya vijino ambavyo sheria ya Minnesota imevikataza. Kwa Kiswahili tofauti hiyo inasemeka kwa herufi moja: kimekunjuka, lakini je, kinakunjika tena? Katika orodha ya istilahi ninayoiandaa nimeandika hivi:

Kigumba cha kukunjuka: kichwa cha mshale chenye nyembe zilizolazwa wakati wa kuruka, ambazo hufunguka kwa kugonga. Taja kama nyembe hukunjika tena kikivutwa nyuma.