Dawa Iliyokatazwa

Nilipoanza kusoma historia ya dawa za moyo, nilikuwa na swali moja tu. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye moyo umemchoka hadi hawezi kulala bila mito mitatu, ameandikiwa kidonge cha kuupunguza moyo huo kasi. Kwa nini? Akili ya kawaida inasema moyo dhaifu usukumwe. Kumbe madaktari nao walifikiri hivyo kwa karibu miaka 200.

Mwaka 1785 William Withering, daktari wa Birmingham, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mmea wa digitalisi. Alianza kuuchunguza baada ya kuulizwa habari za dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire aliyetibu watu waliovimba maji mwilini. (Nafurahi kwamba habari hii inaanzia kwa bibi wa mitishamba.) Withering alieleza habari za wagonjwa 163 na hakuwaficha walioshindikana, maana dozi ya digitalisi inayotibu iko jirani na inayoua. Baadaye ilijulikana kwamba dawa hiyo huufanya moyo ubane kwa nguvu zaidi. Basi tiba ikawa kama kumchapa punda aliyelemewa na mzigo: anayetafuta dawa mpya anatafuta fimbo kali zaidi.

Fimbo iliyotazamiwa sana ilikuwa milrinoni ya vidonge. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya jaribio la wagonjwa 1,088 wenye moyo ulioshindwa vibaya. Moyo wa aliyemeza milrinoni ulisukuma vizuri, lakini vifo viliongezeka kwa asilimia 28 kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliokuwa na hali mbaya kuliko wote ndio walioumia zaidi.

Jibu lilikuwa limeshachapishwa miaka 16 kabla, huko Göteborg, Sweden. Katika miaka ya 1960 James Black, Mskoti, alikuwa ametengeneza dawa za kuzuia beta, zinazoukinga moyo na adrenalini, kwa ajili ya maumivu ya kifua. Zilikatazwa kabisa kwa mgonjwa ambaye moyo umeshindwa. Hoja ilikuwa kwamba adrenalini ndiyo inayomshikilia, ukiiondoa, unamwangusha. Finn Waagstein, Åke Hjalmarson na wenzao waliona mambo kinyume: mwili ukihisi damu haitoshi, humwaga adrenalini, moyo hukimbia, na mbio hizo zenyewe humchosha mwenye moyo mpaka kaburini. Mwaka 1975 waliandika kuhusu wagonjwa saba waliopewa dawa hiyo iliyokatazwa. Baada ya miezi kadhaa walikuwa na nafuu.

Wagonjwa saba! Sishangai kwamba wengi hawakuwaamini. Wenzao wengine walipojaribu kwa mwezi mmoja tu, hawakuona faida. Hapo ndipo ninapoona kiini cha habari hii: dawa hii humdhoofisha mgonjwa kidogo kabla ya kumjenga, na anayepima mapema huona upande mbaya peke yake. Karl Swedberg, naye wa Göteborg, alionyesha mwaka 1980 kwamba wagonjwa waliosimamishiwa dawa walirudi nyuma, na walipoirudia wakapata tena nafuu.

Shangazi alipitia hayo hayo. Alianza na miligramu 3.125 za karvediloli, asubuhi na jioni, na kwa wiki tatu alilalamika kwamba miguu ni mizito kuliko kabla. "Mwanangu, hii dawa inanizima," aliniambia kwa simu. Nilimsihi asiiache kabla ya kurudi kwa daktari wake. Daktari alimwongezea dawa ya kukojoa, akasubiri, kisha akapandisha dozi taratibu.

Jaribio lililomaliza ubishi kwa wagonjwa mahututi kama yeye lilichapishwa mwaka 2001. Watu 2,289, wenye kuhema hata wakiwa wamekaa au wakijishughulisha kidogo tu, ambao kwa kila pigo moyo ulitoa chini ya robo ya damu iliyomo, waligawanywa makundi mawili juu ya dawa zao za kawaida. Hatari ya kufa kwa waliopewa karvediloli ilipungua kwa asilimia 35, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Tangu wale saba wa Göteborg, ilikuwa imepita miaka 26.